Ufadhili wa PhD kwa wanaotaka kufundisha theolojia: upi wa hatua ipi, na maombi huangukia wapi?

Mwanafunzi_wa_Mitaguso

Shalom wadau. Naulizia kwa hali hii: mwaka wa pili wa PhD ya historia ya Kanisa katika chuo cha Marekani, viza ya mwanafunzi (F-1), nia ni kufundisha seminari na si idara ya historia ya chuo kikuu. Chuo kinatoa posho na msamaha wa ada kwa miaka mitano, baada ya hapo kila mtu na lake. Tasnifu inahusu mapokezi ya Mtaguso wa Kalkedoni, mkutano wa maaskofu uliofafanua asili mbili za Kristo.

1. Wafadhili wanaotajwa sana ni Louisville Institute, FTE (Forum for Theological Exploration), HTI (Hispanic Theological Initiative) na Langham. Ni upi unaomfaa mtu wa hatua hii?
2. Wote wanataka insha ya "wito wa kufundisha". Wasomaji wanatafuta nini humo, na kwa nini watu wenye alama nzuri wanaachwa?
3. Nasikia fedha za nje zikiingia chuo hupunguza zake, na kodi hukata pia. Hesabu halisi ikoje?

Mkutubi_Mkongwe

Anza na hatua, jina la mfadhili lije baadaye. Fedha hizi zimegawanywa kufuata safari ya PhD yenyewe: kozi na mitihani ya kufuzu, kisha uandishi, kisha mwaka mmoja au miwili baada ya kutetea tasnifu. Ukiwa mwaka wa pili ukaomba fedha za mwaka wa mwisho wa kuandika, fomu yako inawekwa pembeni kabla ya insha kusomwa, kwa sababu sharti la kwanza ni uwe umemaliza kila kitu isipokuwa tasnifu.

Louisville Institute inauonesha mgawanyo huo waziwazi. Ipo Louisville, Kentucky, kwenye Louisville Presbyterian Theological Seminary, na fedha zake zinatoka Lilly Endowment, mfuko wa hisani wa Indianapolis. Ina ngazi tatu: ya walio mwanzoni mwa PhD, ya mwaka wa mwisho wa tasnifu, na ya waliokwisha kuhitimu, ambao huwekwa kwenye shule ya theolojia miaka miwili wakifundisha. Ile ya kwanza wengi wanaipita kwa sababu posho yake ni ndogo, haitalipa pango. Wanakosea. Kinachotolewa pale ni kundi la wenzako wa fani tofauti, mnaokutana na kujadili kazi ya ualimu wenyewe: silabasi, wanafunzi wenye viwango tofauti, uhusiano wa shule na makanisa. Idara nyingi za PhD hazigusi mambo hayo kabisa, halafu siku ya usaili wa kazi ndiyo yanayoulizwa.

Kikwazo chako ni mada. Taasisi ile inajali maisha ya Ukristo wa Amerika Kaskazini, kwa hiyo mwenye Kalkedoni ya mwaka 451 ana kazi ya kujenga daraja. Daraja lenyewe lipo: makanisa yasiyoupokea mtaguso ule, ya Wakopti, Waarmenia, Wasiria na Waethiopia, yana parokia Marekani na Kanada leo, na seminari za huko zinafundisha watu watakaohudumu jirani nao. Lakini daraja hilo lionekane ndani ya tasnifu yako, angalau katika sura moja. Ukilipachika kwenye insha tu, msomaji atalibaini.

FTE ya Atlanta ilianza mwaka 1954. Fedha zake za PhD kwa muda mrefu zimelenga wanafunzi wenye asili ya Afrika na wa jamii nyingine ambazo ni chache katika vitivo vya theolojia. Kabla ya kuandika neno moja soma sharti la uraia na ukaazi la mwaka huo. Mwenye F-1 anaweza kukaa wiki tatu akipamba insha ambayo mlango wake umefungwa tangu swali la kwanza la fomu.

HTI ni ya Walatino. Ilianzishwa mwaka 1996, ikakaa Princeton Theological Seminary, na mwanahistoria Justo González ni miongoni mwa walioisimamisha. Hata kama haikuhusu, uige mfumo wake: mwanafunzi anapewa mwalimu mlezi nje ya chuo chake na mhariri wa tasnifu. Ukikosa mfadhili wa namna hiyo, vitafute mwenyewe vitu hivyo viwili.

Langham ni jambo lingine kabisa. John Stott aliianzisha London mwaka 1969 kwa ajili ya wasomi wa kiinjili kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na msingi wake ni kurudi. Wanataka kujua utakaporudi utafundisha wapi na nani atakupokea. Barua ya chuo kitakachokuajiri ina uzito kuliko alama zako. Kama hujaamua kurudi, usiombe.

La mwisho: fedha hizi kwa kawaida ni za PhD au ThD. DMin (Doctor of Ministry) ni shahada ya huduma, na wenye DMin wanakataliwa kila mwaka kwa kutosoma mstari huo mmoja.

Msomaji_wa_Fomu

Nijibu la pili, kwa kuwa hapo ndipo watu wazuri wanapodondoka.

Mfadhili wa aina hii anatafuta mwalimu. Mtafiti anaweza kumpata kwenye mifuko mingine, na tena yenye fedha nyingi zaidi. Ule mfuko wa Charlotte W. Newcombe, kwa mfano, ni wa tasnifu zinazogusa maadili au dini, na hauna haja ya kujua kama utakaa darasani au la. Kwa hiyo ukichukua muhtasari wa utafiti, ukaongeza aya moja ya "napenda sana kufundisha", umeomba mfuko mwingine kwa fomu ya huu.

Insha za wito huanguka kwa namna tatu. Ya kwanza ni ushuhuda: aya nne za wokovu na kuitwa, moja ya ualimu. Ya pili ni ya jumla mno, ile ya "kuandaa viongozi wa Kanisa la kesho", ambayo mtu wa fani yoyote angeweza kuisaini. Ya tatu ni ya mtu mwenye ujuzi lakini hajui shule za theolojia za leo zikoje. Anaeleza darasa la vijana ishirini wa kutwa wanaoishi bwenini. Shule nyingi hazina wanafunzi hao tena. Wana miaka arobaini, wanafanya kazi mchana, wanasoma mtandaoni usiku, na shule zenyewe zinaungana au kuuza majengo. Andover Newton, seminari kongwe ya Massachusetts, iliacha kampasi yake ikaingia Yale Divinity School mwaka 2017. Kamati inaundwa na walimu wanaoishi ndani ya mabadiliko hayo. Insha isiyoyajua inawaonesha kwamba mwombaji hajawahi kuuliza atafanya kazi wapi.

Linganisha hizi mbili.

Dhaifu: "Natamani kuwafundisha wachungaji historia ya Kanisa ili wahudumu kwa ufanisi."

Yenye nguvu: "Katika kozi ya wiki kumi kwa wachungaji wanaosoma jioni, nitaanza na ufafanuzi wa Kalkedoni wenyewe, kisha barua za walioukataa, ili mwanafunzi aone kwamba pande zote mbili zilidai kumtetea Kirilo wa Aleksandria. Kazi ya mwisho ni somo la katekisimu la dakika arobaini juu ya asili mbili za Kristo, litakalosahihishwa na mtu asiye mwanatheolojia."

Hii ya pili haina neno "wito" hata moja, ila wito unaonekana. Imetaja wanafunzi, muda, matini, kazi, na namna ya kupima. Ili ufike hapo, andika silabasi kamili ya kozi moja kabla ya insha, hata kama haikuombwa. Wabash Center, iliyo Wabash College huko Crawfordsville, Indiana, inaweka mkusanyo wa silabasi za dini na theolojia mtandaoni. Soma kama kumi za fani yako, uone wenzako wanapokwama: usomaji wa kurasa 200 kwa wiki kwa mtu mwenye kazi ya kutwa.

Muhtasari wa tasnifu una mtego wake. Atakayeusoma huenda ni mtu wa Agano la Kale, wa maadili, au wa ushauri wa kichungaji. Aya ya kwanza ibebe swali, vyanzo, njia, na kitakachobadilika ukimaliza. Kigiriki kisichotafsiriwa kiondoe. Mpe mtu wa fani nyingine asome dakika tano, kisha afunge karatasi na akueleze tasnifu yako inauliza nini. Akishindwa, kosa si lake.

Ratiba ndiyo inayoua maombi ya mwaka wa mwisho, na nakuambia mapema ujipange. Chukua tasnifu ya sura tano, za maneno kama 12,000 kila moja. Mwombaji ana sura moja, anasema atamaliza nne kwa miezi kumi na miwili. Msomaji anahesabu: miezi mitatu kwa sura, haibaki hata wiki moja ya masahihisho. Chuo nacho kina tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, mara nyingi wiki kadhaa kabla ya mahafali, na kamati ya utetezi inahitaji muda wa kusoma. Kwa hiyo miezi miwili ya mwisho isiwe na uandishi mpya. Inabaki kumi, yaani sura tatu na kapumziko kidogo. Ina maana siku ya kuomba uwe na sura mbili mkononi, na mojawapo iwe imepitiwa na msimamizi. Sura ya utangulizi usiihesabu kuwa imekamilika. Utaiandika upya, na kila msomaji anajua hivyo.

Mwalimu_Nanjala

Nakubaliana na mengi, ila hapo kwenye ushuhuda nina neno. Kuna wafadhili wanaoomba waziwazi historia yako ya imani, na mwombaji akiificha kwa kuogopa kuonekana hana usomi, anaonekana amejibu nusu swali. Sharti ni moja: kila sehemu ya historia iishie darasani. "Nilikulia kwenye kanisa lililogawanyika" ni habari. "Kwa hiyo nafundisha migawanyiko ya karne ya tano kwa kuanza na barua za pande zote kabla ya hukumu" ni insha.

Jambo jingine ni barua za mapendekezo. Barua mbili zinazosifu utafiti uleule ni barua moja iliyotumwa mara mbili. Msimamizi athibitishe ratiba kwa tarehe, na wa pili awe amekuona ukifundisha, hata kama ni vipindi viwili vya mwalimu mwingine. Wape wiki sita. Wape pia nakala ya insha, ratiba, na vigezo vya mfadhili vilivyonakiliwa neno kwa neno. Hatari kubwa ni kupingana: wewe umeandika utetezi ni Machi, msimamizi kaandika "katika miaka miwili ijayo". Hapo kamati inamwamini msimamizi.

Kwenye wasifu, mafunzo ya makatekista au shule ya Biblia ya jioni yanahesabika, mradi uyaandike kama kazi: jina la kozi, wanafunzi wangapi, saa ngapi, na nani aliandaa silabasi. "Mwalimu wa shule ya Jumapili, 2015 hadi sasa" haisemi kitu.

Mhasibu_wa_Ada

Swali la tatu. Haya ni ya Marekani tu. Nchi nyingine zina sheria zao.

Tuanze na chuo. Fedha za nje zikiingia, chuo hufanya moja kati ya haya: kinapunguza posho yake kwa kiasi kilekile, au kinapunguza sehemu na kukuachia nyongeza, au kinakuwekea mwaka wako wa ndani, yaani wa posho ya chuo chenyewe, uutumie baadaye. Hilo la mwisho ndilo la thamani kuliko yote kwa mtu mwenye miaka mitano tu, maana linaigeuza mitano kuwa sita. Muulize ofisa wa fedha wa kitivo kwa maandishi, kabla ya kuomba: posho itapunguzwa? Msamaha wa ada na bima ya afya vitaendelea nikiacha kazi ya usaidizi wa kufundisha? Mwaka wa ndani unaweza kuahirishwa? Swali la bima ndilo linalosahaulika. Bima nyingi zimefungwa kwenye ile kazi ya usaidizi. Ukiiacha ili ukae kuandika, bima inaweza kukatika, na kuinunua mwenyewe kunaweza kula sehemu kubwa ya ufadhili wote.

Majibu ya mdomo hayatoshi. Ofisa akihama, ahadi inahama naye.

Sasa kodi ya mapato. Kwa anayesomea shahada, sehemu ya ufadhili inayolipa ada, michango ya lazima, na vitabu na vifaa vinavyotakiwa na kozi haikatwi kodi. Inayolipa pango, chakula na safari inakatwa. Usikosee hapa: ada iliyosamehewa na chuo huwezi kuitumia tena kupunguza kodi ya fedha za nje, maana hukuilipa. Na barua ya ufadhili ikisema fedha ni za kujikimu tu, huwezi kuzihamishia kwenye ada kwenye hesabu za kodi hata kama kweli ulizilipia ada. Soma maneno ya barua.

Mwenye F-1 ambaye kwa sheria ya kodi bado si mkaazi, mlipaji anakata asilimia 14 ya sehemu inayotozwa, kabla hujaiona. Mfano: ufadhili ni dola 25,000, na unalipa mwenyewe michango ya lazima na vitabu vya kozi dola 4,000. Zinazotozwa ni 21,000. Asilimia 14 ni 2,940. Mkononi, baada ya gharama za masomo, zinabaki 18,060. Zikigawanywa miezi kumi na miwili ni 1,505 kwa mwezi. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na posho unayopewa sasa; 25,000 isikupumbaze.

Mwisho wa mwaka utapata fomu 1042-S inayoonesha kilichokatwa, na utawasilisha 1040-NR, fomu ya kodi ya asiye mkaazi. Kodi yako halisi ikiwa chini ya kilichokatwa, unarudishiwa tofauti. Kama nchi yako ina mkataba wa kodi na Marekani unaogusa fedha za masomo, makato yanaweza kupungua au kufutwa, lakini fomu ya kudai nafuu hiyo iwasilishwe kabla ya malipo ya kwanza.

Ukivuka miaka mitano ya kalenda ukiwa na viza ya mwanafunzi, kwa kawaida unaanza kuhesabiwa mkaazi kwa mambo ya kodi. Hapo hakuna anayekukatia, na wengi wanafurahi hadi Aprili. Mkaazi hulipa mwenyewe kwa makadirio, fomu 1040-ES, mara nne: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Angalia mwaka ulioingia nchini: mtu wa mwaka wa sita wa PhD huvuka mpaka huo katikati ya ufadhili wenyewe bila kujua.

Na viza: ufadhili usiodai kazi si ajira. Ule unaokutaka ufundishe kozi kwenye shule nyingine ni jambo la kupeleka kwa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kusaini.

Mwanafunzi_wa_Mitaguso

Asanteni sana, mmenifumbua macho. Mawili yamebaki. Barua ya mchungaji iambatishwe? Na nikipata ufadhili kisha mada ikabadilika, inakuwaje?

Mwalimu_Nanjala

Barua ya mchungaji iambatishwe pale tu ilipoombwa. Langham na wengine wa kiinjili wanahitaji kauli ya kanisa lako. Kwingine ukiipeleka badala ya mtu aliyekuona darasani, umepoteza nafasi ya barua yenye kazi. Kuwekewa mikono si sharti la ualimu, kwa hiyo usijieleze sana kama hujawekewa.

Msomaji_wa_Fomu

Mada ikibadilika, mwandikie mfadhili ndani ya mwezi uleule, ukurasa mmoja: kilichobadilika, kwa nini, ratiba mpya, na saini ya msimamizi. Kubadilisha vyanzo au kupunguza sura kunakubalika kirahisi. Kinacholeta shida ni mtu kukaa kimya, kisha ripoti ya mwisho ikaja na tasnifu ambayo hakuna aliyeifadhili.

Kwako wewe wa mwaka wa pili: silabasi kwanza, kisha sura ile ya parokia za Amerika Kaskazini iingie kwenye pendekezo la tasnifu kabla kamati yako haijalipitisha. Ikishapitishwa bila hiyo, kuirudisha ndani ni kuomba upya idhini ya watu wanne au watano.